Nyumba Mpya na Simu Yake: Mambo ya Kuangalia kabla ya Kutia Saini



Mkulima wa karafuu akijaaliwa msimu mzuri, jambo la mwanzo linalomjia moyoni ni kujenga. Huondoa makuti akatia bati, au hutoka katika nyumba ya urithi akahamia kiwanja chake mwenyewe. Zamani mtu akishaezeka aliuliza mambo mawili tu: maji yatatoka wapi, na njia itapita wapi. Siku hizi limezidi la tatu: simu na intaneti ya nyumba hii tuichukue kwa nani?

Huenda mwanachama mmoja akasema, jarida la wakulima lina nini na mambo ya simu? Jawabu yetu ni hii. Wachumaji huitwa kwa simu. Khabari za mvua, karafuu zikiwa juu ya busati, huja kwa simu. Fedha hutumwa na kupokelewa kwa simu. Mtoto aliyeko Maskati au Dar es Salaam huwauliza hali wazee wake kwa simu, na mgonjwa akizidiwa usiku gari huitwa kwa simu. Kitu chenye kazi zote hizi hakifai kununuliwa kwa sababu tu kijana aliyekuja na makaratasi amevaa fulana nzuri.

Tena tumeona kwamba wanachama wengi hufunga mkataba wa simu kwa wepesi ambao wasingethubutu kuufanya katika kuuza gunia moja la karafuu. Karafuu huchambuliwa makonyo, zikaanikwa, zikatazamwa ukavu wake, kisha zikapimwa mbele ya macho ya mwenyewe. Mkataba wa miezi 24 hutiwa saini barazani, kikombe cha kahawa hakijapoa. Basi katika makala haya twapenda kueleza, hatua kwa hatua, namna ya kuupima mkataba kama tunavyopima karafuu.

TULIKOTOKA

Visiwa vyetu si vigeni wa mambo ya mawasiliano. Waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, ukaendelea kusini hadi Durban. Katika zama zetu hizi, kampuni ya Zantel ilianzishwa mwaka 1999, na kwa wengi wetu ndiyo iliyotuletea simu ya mkononi ya mwanzo. Mwaka 2009 mkonga wa SEACOM uliingia Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Mikonga hiyo ndiyo iliyoiunganisha sehemu hii ya Afrika na ulimwengu kwa nyuzi za kioo, badala ya kutegemea setilaiti peke yake.

Tunataja haya kwa sababu moja. Majina ya kampuni hubadilika, na mtu asifunge moyo wake kwa jina. Zantel tuliyoizoea na Tigo zote zilipewa jina la Yas mwezi wa Novemba 2024. Wengine wanaotoa huduma ni Airtel, Vodacom, Halotel na TTCL. Hatumpendekezi hata mmoja katika hao, wala hatumkatazi mtu. Kampuni iliyo nzuri Wete mjini yaweza kuwa haina faida yoyote kwa mwenye shamba bondeni. Suala la kuuliza ni ipi inayofika nyumbani kwako, kwa bei unayoiweza.

NJIA AMBAZO INTANETI HUINGIA NYUMBANI

Njia ya kwanza ni uzi wa kioo, unaoitwa mkonga au faiba. Mwanga hupita ndani ya uzi mwembamba mpaka ukutani kwako. Ndiyo njia yenye kasi kubwa, wala haisumbuliwi na mvua wala miti. Lakini hupatikana pale tu ulipokwisha pitishwa, na aghlabu ni mijini. Tena jembe moja la mchimba mtaro laweza kuukata, na mtaa mzima ukakaa kimya.

Njia ya pili ni kisanduku kinachotiwa kadi ya simu, ambacho vijana hukiita ruta. Hupokea mawimbi ya mnara ule ule wa simu za mkononi, kisha hugawa intaneti ndani ya nyumba. Kwa wengi wetu mashambani hii ndiyo njia iliyo karibu. Wema wake na ubaya wake wote hutegemea mnara.

Njia ya tatu ni antena inayofungwa juu ya paa na kuelekezwa moja kwa moja kwenye mnara wa kampuni. Hii hushinda kisanduku cha ndani pale ambapo mawimbi ni dhaifu, maadam antena inauona mnara bila ya kilima kati yao.

Njia ya nne ni sahani ya setilaiti. Setilaiti za zamani hukaa mbali, takriban kilomita 36,000 juu yetu, na kwa hivyo ukisema neno hupita muda kabla ya kujibiwa. Ziko za namna mpya zinazozunguka karibu zaidi, baadhi yake takriban kilomita 550, na kuchelewa kwake ni kidogo. Lakini kabla ya kununua sahani ya namna yoyote, uliza kwanza kama kampuni inayoiuza ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Chombo kisicho na ruhusa chaweza kukupotezea fedha zako, na ukadhulumika usipate pa kushitaki.

PIMA KIWANJANI, SI DUKANI

Pemba ni nchi ya vilima na mabonde. Mawimbi ya simu hayapendi kilima, wala hayapendi majani mengi, na majani yakirowa kwa mvua huyazuia zaidi. Mkarafuu mzima hupita urefu wa nyumba yetu ya kawaida, na nyumba iliyozungukwa na mikarafuu na miembe iko kama ndani ya ukuta wa maji wakati wa masika. Kwa sababu hii picha ya ramani inayoonyeshwa dukani, iliyopakwa rangi kisiwa kizima, haitoshi kuwa ushahidi.

Fanya hivi. Kabla nyumba haijesha, waombe jirani na jamaa watatu au wanne wenye kadi za kampuni mbali mbali waje kiwanjani. Zitieni kadi hizo kwa zamu katika simu moja, kwani simu zenyewe hazilingani kwa nguvu. Pimeni sebuleni, chumbani na uani. Pimeni asubuhi, pimeni adhuhuri, na pimeni baada ya sala ya isha, wakati ambapo kila mtu yuko nyumbani na mnara umejaa watu. Kampuni yenye kasi saa 4 asubuhi na iliyokufa saa 3 usiku haitakufaa, kwa sababu usiku ndio wakati ambao nyumba yako itaitumia.

Mtu asitosheke na kuhesabu vijiti vilivyo juu ya kioo cha simu. Katika mipangilio ya simu nyingi mna namba ya nguvu ya mawimbi yenye alama ya kutoa mbele yake. Kadri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa mtandao wa 4G, namba kama -85 ni njema, na ikipita -110 jua kwamba pana udhaifu. Kijana yeyote wa skuli ya sekondari ataweza kukutafutia. Ziandike namba zote katika karatasi pamoja na saa uliyopima, kwani karatasi hiyo itakufaa mbele.

KASI NA KIASI NI MAMBO MAWILI

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Kasi hutajwa kwa megabiti kwa sekunde. Kiasi hutajwa kwa megabaiti au gigabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo mtu akiuziwa kasi ya megabiti 10, anachokipata kwa sekunde moja ni megabaiti 1 na robo, na faili la megabaiti 100 litamchukua sekunde 80, kama kasi aliyoahidiwa ndiyo anayopewa. Kasi ni upana wa mfereji, na kiasi ni maji yaliyomo kisimani. Mfereji mpana juu ya kisima kidogo hukikausha upesi.

Basi hesabu matumizi ya nyumba yako. Kutazama picha za video za hali ya kawaida hula takriban gigabaiti 0.7 kwa saa. Zikiwa za ubora wa juu huweza kufika gigabaiti 3 kwa saa. Nyumba yenye watoto wanaotazama saa 2 kila siku, kwa ile hali ya kawaida, itakula gigabaiti 1.4 kwa siku, yaani 42 kwa mwezi. Ukinunua kifurushi cha gigabaiti 20, kitakwisha siku ya 15. Lakini mzee anayetaka kuzungumza tu na mwanawe na kusoma khabari, kwake gigabaiti chache zatosha, na akinunuliwa kifurushi kikubwa ni kumtupia fedha zake baharini.

Tena pana neno "bila kikomo". Tunawausia wanachama walisome neno hili pamoja na maandishi madogo yaliyo chini yake. Mara nyingi maana yake ni kwamba ukishafika kiasi fulani hutakatiwa, bali utapunguziwa kasi mpaka video isiende. Uliza: kiasi hicho ni gigabaiti ngapi? Na baada ya hapo kasi itakuwa ngapi? Mwuzaji asiyeweza kujibu maswali haya mawili hajui anachokiuza, au anakijua.

HESABU YA MIEZI YOTE

Wazee wetu walisema rahisi huvunja upishi. Tuchukue mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Kampuni ya kwanza inataka shilingi 120,000 kwa kisanduku na shilingi 50,000 kila mwezi. Kampuni ya pili inakupa kisanduku bure, lakini inataka shilingi 65,000 kila mwezi, kwa mkataba wa miezi 24. Mwenye macho ya haraka atakimbilia ya pili kwa sababu ya lile neno "bure". Sasa tuhesabu. Kwa miezi 24 ya kwanza ni shilingi 1,320,000, na ya pili ni shilingi 1,560,000. Kisanduku cha bure kimekugharimu shilingi 240,000 zaidi kuliko kile cha kununua, na juu ya hayo umefungwa miaka 2.

Uliza pia kama kisanduku kimefungwa kwa kadi ya kampuni moja tu. Kikiwa kimefungwa, siku utakapohama kitakuwa pambo la kabati. Na mwenye jamaa nchi za nje aulize bei ya simu za huko mbali na bei ya simu za hapa, kwani kifurushi kizuri cha Wete na Chake Chake chaweza kuwa hakina hata dakika moja ya Oman.

UMEME UKIZIMIKA

Wapemba tuliunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010. Ndugu zetu wa Unguja hawajausahau mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, walipokaa takriban miezi 3 bila ya umeme wa waya wao. Yaliyopita yamepita, ila funzo limebaki: chombo chochote kinachotaka umeme, kiwekewe akiba.

Simu ya zamani ya waya wa shaba ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, na nyumba ikiwa gizani yenyewe ililia. Simu inayopita katika kisanduku cha intaneti haiko hivyo, kwani umeme ukizimika nayo hunyamaza. Kisanduku aghlabu hutaka umeme mdogo, kama wati 10, na betri ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo yaweza kukiendesha kwa saa kadhaa. Angalia tu kwamba volti za betri ni sawa na zilizoandikwa nyuma ya kisanduku, kwani viko vya volti 9 na viko vya volti 12. Na radi za masika zikianza, chomoa waya ukutani. Antena ya juu ya paa nayo ifungwe waya wa kuteremsha radi ardhini.

Twaongeza jambo ambalo watu wengi hawalijui. Minara mingi siku hizi hutumiwa na kampuni zaidi ya moja. Mtu akiweka kadi 2 za kampuni 2 akadhani amejikinga, na kumbe zote zinategemea mnara mmoja, mnara ukikosa umeme zote zitazimika pamoja. Kwa hivyo unapochagua kadi ya pili kwa ajili ya dharura, uliza mafundi au jirani wa siku nyingi: kampuni hii yatumia mnara upi?

MANENO YA MDOMO NA MANENO YA KARATASI

Wanachama wetu wawili, wote wa nyumba mpya, walichukua visanduku vya kampuni moja ambayo hatutaitaja. Wa kwanza nyumba yake iko bondeni. Aliambiwa kwa mdomo kwamba mawimbi yatafika, akatia saini miezi 24. Hayakufika, ila akitoka nje akasimama karibu na kisima. Alipokwenda kulalamika alionyeshwa saini yake, na hakukuwa na neno lolote la ahadi katika karatasi. Mpaka tunapoandika haya analipa kila mwezi kwa kitu kisichomfaa, na fedha hizo alikuwa ameziweka kwa ajili ya kupalilia shamba.

Wa pili alikuwa mbishi kidogo. Alisema, "Mimi nitatia saini, lakini niandikieni hapa kwamba nina siku 14 za kujaribu, na kasi ikiwa chini ya hii mliyoitaja nitarejesha chombo na nitarejeshewa fedha." Mwuzaji alinung'unika, kisha akaandika na kupiga muhuri. Kasi haikufika. Mwanachama yule alikwenda na karatasi yake ya vipimo na karatasi yenye muhuri, na akarejeshewa fedha zake zote. Kampuni ilikuwa moja na kisanduku ni kimoja. Kilichowatafautisha ni mistari miwili ya wino.

Ikiwa una malalamiko, anza kwa kampuni yenyewe, na uombe namba ya malalamiko yako au barua ya kupokelewa. Kampuni isipokuridhisha, sheria inakuruhusu kuyapeleka TCRA, ambayo ina ofisi ya kanda ya Zanzibar. Lakini huko nako utaulizwa karatasi.

NAMBA YAKO NI MALI YAKO

Wengine huvumilia huduma mbovu kwa kuogopa kupoteza namba ambayo wachumaji, wanunuzi na jamaa wote wanaijua. Khofu hii haina msingi tena. Tangu tarehe 1 Machi 2017 mtu wa Tanzania anaweza kuhama kampuni na namba yake ile ile. Nenda kwa kampuni unayoitaka, si ile unayoiacha, ukiwa na kitambulisho chako. Kabla ya kuhama, maliza salio lako, na toa fedha zote zilizomo katika pochi ya simu, kwani havitakufuata.

Hakikisha pia kwamba kadi imesajiliwa kwa jina lako. Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019, na kadi zisizosajiliwa zilianza kufungwa tarehe 20 Januari 2020. Kwa kupiga *106# utaweza kutazama namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, nenda ukaifute, kwani atakayeibia watu kwa namba hiyo jina litakalotajwa ni lako. Na ukipata ujumbe wa ulaghai wa "ile fedha tuma kwa namba hii", upeleke kwenda 15040.

DAFTARI LA CHAMA

Ndugu wanachama, mtu mmoja akipima kiwanjani kwake amejisaidia mwenyewe. Tukipima sote na tukakusanya vipimo vyetu, tutakuwa na kitu ambacho hakuna duka litakalotupa. Kamati imekubali kufungua daftari katika kila tawi. Mwanachama ataandika mtaa wake, kampuni anayoitumia, namba ya nguvu ya mawimbi, kasi ya asubuhi na ya usiku, na analipa ngapi. Jina lake si lazima liandikwe. Atakayekuja kujenga mwakani atafungua daftari na ataona bonde lake limekwisha pimwa.

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Nyumba moja ikiomba mkonga au mnara, kampuni huweka barua kabatini. Nyumba 30 za mtaa mmoja zikiomba pamoja, na vipimo mkononi, hiyo ni biashara, na mfanyabiashara haikimbii biashara. Sisi wakulima tunajua tafauti ya mtu anayeuza pishi moja moja na watu wanaoleta mzigo wao pamoja.

Makatibu wa matawi watakuwa na daftari hilo kila siku ya mkutano. Mwanachama asiyejua kuandika atawasomea vipimo vyake nao watamwandikia. Yule ndugu yetu wa bondeni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika, na chini ya jina la mtaa wake ameweka neno moja: "Msije."

Katibu wa Chama